Sanamu Ikizimika Macho

Sanamu ya mhusika ya kipimo cha moja kwa sita, ile yenye urefu wa sentimita 30 hivi, huwaka vizuri jioni ya kwanza. Macho yanang'aa, duara la kifuani linang'aa, viganja navyo. Siku chache baadaye jicho moja limefifia, na kabla wiki haijaisha ni giza tupu. Hapo ndipo kosa la kwanza hufanyika: mwenye sanamu anaishuku taa. Anafungua kichwa, anakwaruza rangi, anavunja kipini cha shingo, na ndani anakuta taa nzima isiyo na kasoro.

Taa ya LED inayolishwa miliampea 3 hadi 5 huwaka maelfu ya saa bila kulalamika. Vinavyokufa kabla yake vimepanga foleni: betri kwanza, halafu vibati vinavyozishika betri, halafu swichi, halafu waya unaopita kwenye kiungo kinachokunjwa. Taa ni ya mwisho. Wakusanyaji wameijua foleni hii kwa kupasua vichwa visivyo na hatia.

Siku ya boksi

Kabla ya kuwasha, tafuta kipande chembamba cha plastiki kilichochomoza kwenye mlango wa betri. Kiliwekwa kiwandani ili betri zisigusane na vibati safarini. Kivute polepole na sawasawa. Kikikatikia ndani, itabidi ufungue skrubu ambazo hukupanga kuzigusa. Sanamu yenye kitufe cha kujaribia dukani ina hadithi nyingine. Betri zake zimebonyezwa na kila mpita njia, kwa hiyo zihesabu kuwa zimekwisha na utafute zako. Sanamu nyingi za bei kubwa huja bila betri kabisa. Wanunuzi hulalamika, lakini mimi naona ni heri, maana betri iliyokaa miezi mingi ndani ya boksi ni betri inayosubiri kuvuja.

Kijitabu kitakutajia jina la betri, na majina ndiyo yanayowapoteza watu, kwa sababu betri moja ya saa inaweza kuwa na majina manne. AG13, LR44, A76 na L1154 ni kitu kimoja: kipenyo milimita 11.6, unene milimita 5.4. AG3 ni LR41, milimita 7.9 kwa 3.6. AG1 ni LR621, milimita 6.8 kwa 2.1. AG4 ni LR626, kipenyo kile kile cha 6.8 lakini unene 2.6. Tofauti ya nusu milimita kati ya hizo mbili za mwisho inaonekana si kitu mpaka upange tatu. Ukiweka AG4 mahali pa AG1 unaongeza milimita moja na nusu kwenye shimo lililokatwa kwa kipimo, mlango haufungi, ukiulazimisha kibati kinapinda. Ukifanya kinyume chake, betri zinacheza ndani na taa inawaka na kuzimika kila ukiigusa sanamu.

Herufi ya mwanzo nayo ina maana. L ni betri ya alkali, S ni ya oksidi ya fedha, C ni ya lithiamu yenye volti 3. P ni ile ya zinki inayovuta hewa, ambayo hutumika kwenye vifaa vya kusaidia masikio. Hiyo ya P iache hata kama umbo linaingia. Ukishabandua stika yake huanza kukauka, iwe unaitumia au huitumii, na ndani ya sanamu iliyofungwa haipati hata hewa inayoihitaji.

Kati ya L na S uamuzi si mgumu. Betri ya alkali huanza na volti 1.5 kisha hushuka mteremko mmoja mrefu hadi kwenye 1.0. Ya oksidi ya fedha hukaa karibu na 1.55 kwa sehemu kubwa ya maisha yake, kisha huanguka ghafla. Kwa taa nyeupe au ya buluu tofauti hiyo ni kubwa mno, kwa kuwa taa hizo zinataka volti 3.0 hadi 3.4, wakati nyekundu inaridhika na 1.8 hadi 2.2. Sanamu yenye betri mbili za alkali na macho ya buluu huanza na volti 3.0 na kufifia mara betri zinapogusa 1.3 kila moja, na hapo zina nguvu nyingi tu ambazo taa haiwezi kuzifikia. Ndiyo maana betri "zilizokufa" za macho ya buluu mara nyingi huwasha macho mekundu vizuri. Zitunze kwa kazi hiyo.

Sasa piga hesabu ya saa. LR44 ya alkali ina takriban miliampea-saa 110 hadi 150, yaani ingetoa miliampea moja kwa saa 110 hadi 150. LR41 ina kama 30 tu. Macho mawili yakila miliampea 5 kila moja, jumla 10, LR41 inakupa saa tatu kwenye karatasi, pungufu ya hapo kwa macho. Chukua sanamu yenye taa machoni, kifuani na kwenye viganja viwili, kila sehemu ikitaka betri tatu: ni betri kumi na mbili, na jioni mbili za kuonyesha wageni zinatosha kuzimaliza zile ndogo. Kinachouma ni zile kumi na mbili kila mara, pamoja na kufungua skrubu nane kila mara, mpaka siku moja skrubu inakataa.

Kuziingiza bila kuharibu

Skrubu za milango hii ni ndogo na laini. Bisibisi ya msalaba ya saizi PH00 ndiyo inayofaa nyingi, PH000 kwa zile za kichwani. Ikicheza ndani ya kichwa cha skrubu, usijaribu bahati, badilisha. Kandamiza chini kwa nguvu kuliko unavyozungusha. Wakati wa kurudisha, zungusha kwanza kinyume hadi usikie imedondoka kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze, na uache pale inapoanza kugoma. Plastiki haina msamaha kwa anayekaza zaidi.

Upande mpana wa betri wenye maandishi ni chanya. Wengi wanalijua hilo. Wasilolijua ni kwamba ukuta wa pembeni nao ni chanya. Hasi ni kile kifuniko kidogo upande wa pili peke yake. Kibati cha hasi kilichopinda kidogo kikagusa ukingo wa betri kinapiga shoti betri hiyo: taa haiwaki, betri inapata joto, na kesho yake imekwisha. Kwa sababu hiyo hiyo, usizishike kwa kibano cha chuma. Tumia cha plastiki, au bandika betri kwenye kipande cha selotepu uishushe taratibu. Futa kila betri kwa kitambaa kikavu kabla ya kuiingiza, maana mafuta ya vidole juu ya bati dogo kiasi hicho yanatosha kuleta usumbufu.

Zote tatu ziwe mpya, za aina moja, za pakiti moja. Ukichanganya mpya na iliyochoka kwenye mfululizo, zile zenye nguvu huendelea kusukuma mkondo wa umeme kupitia ile iliyokwisha hadi chanya na hasi zake zibadilishane, na betri iliyofanyiwa hivyo ndiyo ya kwanza kuvuja.

Na kuna jambo ambalo halina mzaha. Betri hizi ni saizi ya kitu ambacho mtoto hukimeza bila kufikiri. Ikikwama kooni, umeme wake huunguza nyama laini ndani ya saa mbili, na za lithiamu za kipenyo cha milimita 20 ndizo hatari zaidi kwa kuwa hukwama kwa urahisi na zina volti mara mbili. Mtoto akishukiwa kumeza, ni hospitali saa hiyo hiyo, bila kumtapisha, bila kusubiri dalili. Betri zilizotumika zifungwe selotepu pande zote mbili na ziwekwe mbali na meza ya kazi. Betri iliyoshindwa kuwasha taa bado ina nguvu ya kuunguza.

Miezi inapopita

Kikulacho ki nguoni mwako, na kwenye sanamu kinakaa nyuma ya mlango wa betri. Betri ya alkali ina hidroksidi ya potasiamu ndani yake. Ikitoka nje na kukutana na hewa hugeuka unga mweupe wa kabonati, na ikigusa vibati vya shaba unaona kijani au buluu. Uvujaji hutokea zaidi kwenye betri iliyokwisha na kusahaulika kuliko kwenye mpya. Kanuni inayofanya kazi ni fupi: kama hutawasha taa kwa mwezi mzima, toa betri. Za oksidi ya fedha huvuja mara chache, lakini nazo zitoe.

Ukikuta unga, vaa glavu na miwani. Toa betri, kung'uta unga mkavu huku mlango ukitazama chini ili usiingie mwilini mwa sanamu. Chovya kijiti cha pamba kwenye siki nyeupe, kikamue kiwe na unyevu tu, na uguse penye unga. Utasikia na kuona povu dogo, ni asidi inaiua alkali. Rudia hadi povu likome. Halafu futa kwa kijiti chenye maji kidogo, kisha kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi ili maji yaondoke. Kwenye rangi ya sanamu spiriti hiyo ni adui, kwa hiyo isivuke mpaka wa shimo la betri. Kibati kilichobaki cheusi kikwangue kwa kifutio cha penseli au msasa laini sana hadi kimetameta. Acha pakauke usiku kucha. Kosa la kawaida ni kumwaga siki kwa wingi. Inapenya kwenye waya, inatambaa chini ya ganda la plastiki, na shaba ya ndani inageuka nyeusi kiasi kwamba risasi ya kulehemu haitaishika tena.

Kutafuta ugonjwa

Multimita ya kawaida, kile kifaa cha kupimia volti na mkondo, inatosha. Anza na betri, lakini usiipime ikiwa imekaa bure, kwa sababu betri iliyochoka inaweza kuonyesha 1.45 na kuanguka mara inapopewa kazi. Weka rezista (kijipande kinachobana mkondo) ya omu 470 kati ya pande zake mbili, hesabu sekunde tano, soma. LR44 inayoshuka chini ya 1.2 kwa mzigo huo mdogo wa miliampea 3 haifai.

Betri zikiwa nzima, pima volti kwenye vibati vyenyewe, betri zikiwa ndani na swichi imewashwa. Betri zina 4.5 lakini kwenye vibati kuna sifuri? Springi imelala au kuna kutu isiyoonekana. Volti zipo kwenye vibati lakini hazivuki swichi? Swichi hizi ndogo za kusukuma hufanya utando zikikaa bila kutumika. Isukume mbele na nyuma mara ishirini huku betri zimetolewa. Ikigoma, tone moja la spiriti kwa ncha ya sindano, kisha ishirini nyingine. Sanamu nyingi zilizotangazwa kufa huponea hapa.

Swichi nayo ikiwa nzima, shika sanamu ikiwa imewashwa na zungusha shingo au kiganja taratibu. Taa ikicheza, ni waya uliokatika ndani ya ganda lake penye mkunjo. Sanamu zinazowashwa kwa sumaku zina mtego wake: ndani kuna swichi ndogo ya kioo ambayo sumaku huifunga kwa mbali. Ukiiangusha sanamu, kioo hupasuka, na hakuna dalili ya nje. Mwisho kabisa, ndipo uiguse taa: weka multimita kwenye alama ya dayodi, ncha nyekundu upande wa chanya, na taa nzima itatoa mwanga hafifu. Multimita nyingine hazina volti za kutosha kuwasha nyeupe na buluu, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye taa unayojua ni nzima kabla ya kutoa hukumu.

Kuhamia kwenye USB

Baada ya kubadilisha betri mara nne au tano, kila mtu hufikia wazo lile lile: kuna chaja ya simu ukutani yenye volti 5, kwa nini nisiitumie? Wazo ni zuri. Lakini betri ndogo ya saa hufanya kazi mbili, na kazi ya pili haionekani. Ya kwanza ni kutoa umeme. Ya pili ni kuubana. Ndani ya betri hizo kuna ukinzani, na watengenezaji wengi, ili kuokoa nafasi na gharama, huacha rezista na kuutegemea ukinzani huo ulinde taa. Ukitoa betri mbili za saa na kuweka betri mbili kubwa za AA, volti ni zile zile 3, lakini AA haibani. Taa nyekundu inawaka kwa ukali wa kupendeza, halafu inanuka, halafu haiwaki tena. Aliyefanya hivyo huapa kwamba volti zilikuwa sahihi, na kweli zilikuwa sahihi.

Kosa la jamii hiyo hiyo ni kuweka LIR2032 inayochajika mahali pa CR2032. Umbo ni moja. CR2032 ina volti 3.0 na takriban miliampea-saa 220. LIR2032 ikijaa ina volti 4.2 na miliampea-saa kama 40. Unaongeza volti kwa zaidi ya theluthi na kupunguza muda kwa zaidi ya mara nne.

Kwa hiyo kabla ya kukata waya wowote, pima vitu viwili sanamu ikiwaka kwa betri mpya: volti kwenye vibati, na mkondo. Mkondo unapimwa kwa hila ndogo. Kata kipande cha karatasi, bandika foili ya shaba kila upande bila pande hizo kugusana, ingiza katikati ya betri mbili, na shika ncha za multimita iliyowekwa kwenye miliampea kwenye foili hizo. Umeme sasa unapita kwenye mita. Andika namba zote mbili kwa penseli kwenye karatasi na uiweke ndani ya boksi la sanamu. Utazihitaji tena miaka miwili baadaye.

Tuseme umepata volti 2.8 na miliampea 6. Chaja inatoa 5. Ziada ni 2.2, gawanya kwa 0.006, ni omu 367. Chukua rezista ya 390 iliyo jirani juu yake. Joto lake ni sehemu ndogo ya wati moja, rezista ya robo wati haitahisi kitu. Hiyo rezista moja ndiyo inayochukua kazi ya pili ya betri. Ukiona mwanga umezidi, panda hadi 470 au 680. Macho ya binadamu hayatambui upungufu wa mwanga kama unavyodhani, na sanamu iliyofifia kidogo gizani hupendeza kuliko ile inayokuchoma macho.

Hesabu hiyo inafaa kwa taa tupu. Kama taa zinapepesa, zinabadilisha rangi, au kuna sauti, ndani kuna chipu, na chipu hula mkondo unaopanda na kushuka. Inapopumzika, rezista haibani chochote na volti 5 zote zinaifikia. Kwa sakiti ya betri tatu yenye chipu, weka dayodi moja ya 1N4007 kwenye waya wa chanya: inakula karibu volti 0.7, na 4.3 inayobaki ni sawa na betri zilizotumika kidogo. Kwa sakiti ya volti 3 yenye chipu tumia kibao kidogo cha kupunguza volti, kama kile cha MP1584. Kirekebishe hadi 3.0 kikiwa peke yake mezani, ukitazama multimita, ndipo uunganishe sanamu. Vibao hivi hufika vikiwa vimewekwa volti yoyote ile, na hurekebishwa kwa skrubu yake ndogo. Anayekiunganisha kwanza na kurekebisha baadaye huzika chipu.

Sasa betri bandia. Napendelea njia hii kuliko kulehemu moja kwa moja kwenye vibati, kwa sababu sanamu hubaki kama ilivyotoka kiwandani, na thamani yake haishuki. Betri tatu za LR44 zilizopangwa ni kijiti cha urefu wa milimita 16.2 na kipenyo 11.6, tatu za LR41 ni 10.8 kwa 7.9. Chonga kijiti cha mbao au plastiki cha kipimo hicho, kipungufu robo milimita kwenye urefu ili foili ipate nafasi. Bandika foili ya shaba kwenye kila ncha, lehemu waya mwembamba kila upande, chimba mfereji wa kupitisha waya ubavuni. Weka alama ya chanya kwa wino usiofutika. Ambapo betri hazijapangwa kwenye mstari bali zimelala kila moja kwenye shimo lake, unahitaji bandia mbili za kubeba waya kwenye ncha mbili za sakiti tu. Mashimo ya kati hayahitaji kitu.

Waya wa nyuzi nyingi wenye ganda la silikoni, geji 30 au 32, ndio unaovumilia mikunjo. Waya wa shaba moja ngumu ni rahisi kulehemu lakini hukatika ukikunjwa mara chache mahali pamoja. Kila kiungo unachovuka kiachie kitanzi cha ziada cha milimita 10. Pitisha waya chini ya nguo, chini ya joho, nyuma ya mshipi, utokee kisigino. Ukilazimika kutoboa, kitobolea cha mkono chenye ncha ya milimita 1 hadi 1.5 kinatosha, na toboa mahali ambapo unyayo hukalia. Ncha ya kulehemia iwe kwenye nyuzi 320 hadi 350, na usikae juu ya kibati zaidi ya sekunde mbili. Plastiki ya ABS hulegea karibu na 105 na kibati hupeleka joto haraka. Lehemu nje ya sanamu kila inapowezekana.

Kebo ya USB chagua ile yenye ncha ya kizamani pana upande wa chaja. Kebo ya USB-C kwa USB-C haitoi umeme mpaka upande wa kifaa uwe na rezista mbili za omu 5,100 zinazoitambulisha, na wengi wamelaani chaja nzima kwa sababu ya hilo. Ndani ya kebo nyekundu kwa kawaida ni chanya na nyeusi ni hasi. Pima, usiamini rangi. Kijani na nyeupe zikate, zifunike kila moja peke yake.

Pawabenki itakukatisha tamaa. Nyingi hujizima zikiona mzigo mdogo, mara nyingi ulio chini ya miliampea 50 hadi 100, na sanamu moja hula 6. Inawaka nusu dakika, inazima. Hakuna kilichoharibika: pawabenki imedhani simu imeshajaa. Tafuta yenye hali ya mkondo mdogo, au rudi kwenye chaja ya ukutani.

Rafu nzima

Sanamu kumi za miliampea 10 kila moja ni miliampea 100, kwa hiyo chaja ndogo kabisa ya simu inabeba rafu yote. Nguvu ipo tele. Hatari ni kwamba shoti kwenye sanamu moja itapewa ampea nzima bila kubanwa. Ziunganishe zote sambamba, kila moja na rezista yake, na kila tawi lipewe fyuzi inayojirudisha yenyewe ya miliampea 100. Usijaribu kutumia rezista moja kwa sanamu tatu au kwa taa tatu zilizo sambamba: taa yenye kiu ndogo ya volti itakunywa sehemu ya wenzake, itaungua, kisha ya pili itafuata. Rangi tofauti kwenye rezista moja ni mbaya zaidi, maana nyekundu itawanyima buluu mwanga kabisa.

Sahani za umeme bila waya chini ya kitako zinavutia machoni. Zinafaa kwa vitu vyepesi vya plastiki vilivyokaa juu kabisa ya koili. Sanamu yenye vyuma mwilini huubana uga wa sumaku, chuma hupata joto, na taa ya kichwani iliyo sentimita 25 juu haipati kitu.

Mwanga wenyewe

Umeme ukishatulia ndipo kasoro za mwanga huonekana. Mwanga unaopenya shavuni hutibiwa kwa rangi nyeusi ndani ya kichwa, kisha nyeupe juu yake ili urudi mbele. Karatasi ya alumini hufanya kazi hiyo vizuri zaidi na hupiga shoti vizuri zaidi pia. Ifunike kwa utepe wa kahawia unaostahimili joto. Lenzi za macho usizibandike kwa gundi kali ya papo hapo, mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu na haufutiki. Gundi nyeupe ya kawaida inatosha, nayo hukauka ikawa angavu.

Kichwa kikiwa kidogo mno kwa waya, acha taa kifuani na upeleke mwanga kwa uzi wa mwanga wa plastiki wa milimita 0.75. Ukate kwa wembe mpya, si kwa mkasi, kwa kuwa ncha iliyopondeka hupoteza mwanga mwingi, na usiukunje kwa duara dogo sana. Shingo itazunguka bila waya wa kukatika.

Kabla ya kurudisha skrubu ya mwisho, iwashe kwa saa moja mfululizo na uguse kila sehemu kwa mgongo wa kidole. Taa ya miliampea 5 haitoi joto linalohisika, kwa hiyo uvuguvugu wowote mahali popote ni shoti, na sanamu inafunguliwa tena. Ikiwa baridi, funga. Mlango wa betri wa asili, skrubu zake na vipande vyote ulivyotoa viweke kwenye kifuko chenye jina la sanamu, ndani ya boksi lake, pamoja na ile karatasi ya volti na miliampea.